Karo ya Kulala Sakafuni: Safari za Vikosi vya Ngoma na Tarumbeta vya Marekani, Zamani na Sasa

Utangulizi

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa pili, mama mdogo alinitumia kwenye simu picha tisa za karatasi za Kiingereza. Yeye na familia yake wanaishi Marekani tangu walipotoka kambi ya Nyarugusu, nchini Tanzania. Kiingereza chake ni cha kazini na dukani. Karatasi za kutia sahihi hunitumia mimi, kwa kuwa katika ukoo mimi ndiye "niliyesomea Kiingereza". Mara hii hazikuwa karatasi za hospitali wala za nyumba ya kupanga. Zilikuwa mkataba wa mwanawe, ambaye Kifaransa kingenilazimisha kumwita cousin, na ambaye kwa Kiswahili ni mdogo wangu, basi. Kijana alikuwa amechaguliwa kuingia katika kikosi cha ngoma na tarumbeta. Kikosi kilimtaka alipe dola elfu kadhaa ili apige tuba majira yote ya joto, alale sakafuni, asafiri usiku, na asilipwe hata senti moja.

Alikuwa na miaka 19, hivyo angeweza kutia sahihi mwenyewe. Lakini fedha ni za nyumba nzima. Mama mdogo alinitumia sauti fupi: "Mwanangu, hii ni shule, ni kazi, ama ni watu wanataka kula pesa ya mtoto?"

Sikuwa na jibu. Nilipiga alto katika fanfari ya parokia yetu hapa Lubumbashi kwa miaka sita, kwa hiyo nilidhani najua maana ya kupiga shaba huku unatembea. Niliposoma zile kurasa tisa niliona kwamba sijui. Ilinibidi nitafute, nisome, nitazame video, nimsumbue kijana kwa maswali, kisha nimweleze mama yake. Makala haya ni maelezo yale yale, yakiwa yamepangwa vizuri zaidi kuliko nilivyoyasema usiku ule. Nitaeleza kwanza kikosi ni kitu gani, halafu namna vikosi vilivyosafiri zamani na vinavyosafiri leo. Mwishoni nitarudi kwenye maneno mawili niliyoyatafsiri vibaya na matokeo yake, kwa sababu naamini yanatuhusu sisi wa kitivo cha lugha.

Kikosi ni nini?

Kwa Kiingereza jina la vikundi hivi hutamkwa karibu na "dramu-koo". Kijana aliponitamkia nilicheka, maana kwetu koo ni koromeo. Lakini koo pia ni wingi wa ukoo, na maana hiyo ya pili haiko mbali sana na ukweli, kama tutakavyoona. Katika makala haya nitasema "kikosi", kwa sababu neno lenyewe lilitoka jeshini.

Kikosi cha leo kina vijana wanaozidi 150 kinapokuwa kimejaa. Kina sehemu tatu. Ya kwanza ni wapiga shaba: tarumbeta, melofoni, baritoni na tuba. Klarineti na saksofoni haziruhusiwi. Ya pili ni wapiga ngoma, ambao wengine hutembea na ngoma zao kifuani, na wengine husimama mbele ya uwanja na marimba, vibrafoni na ngoma kubwa za kila aina. Ya tatu ni kundi la bendera, yaani wachezaji wanaorusha bendera, bunduki za mbao na panga huku wakicheza dansi.

Kazi yao yote ni onyesho moja la dakika 11 au 12 katika uwanja wa kandanda ya Kimarekani, ambao una urefu wa yadi 100, kama mita 91. Wanapiga muziki kwa moyo, bila karatasi, na wakati huo huo wanatembea, wanakimbia, wanarudi kinyumenyume kwa ncha za vidole, wakichora maumbo yanayobadilika kila sekunde chache. Kila mmoja ana nukta yake: mahali kamili anapotakiwa kuwa katika hesabu fulani ya muziki. Hatua ya kawaida ni hatua nane kwa yadi tano, yaani sentimeta 57 kila hatua. Akikosea kwa nusu hatua, mstari wote unaonekana umepinda kutoka jukwaani.

Wanaruhusiwa kushiriki mpaka umri wa miaka 21. Anayetimiza 22 kabla ya mwezi wa sita hawezi tena. Kwa hiyo kila mwaka kikosi hupoteza wakubwa wake, na kila kijana anajua tarehe ambayo mlango utafungwa.

Zamani: parokia na askari wa vita

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliorudi nyumbani Marekani walikusanyika katika vyama vya maveterani. Viwili vikubwa vilikuwa American Legion na kile cha maveterani wa vita vya nchi za nje. Kila tawi lilipenda kuwa na ngoma na baragumu kwa ajili ya maandamano ya sikukuu. American Legion iliandaa mashindano ya taifa tangu mwaka 1921. Askari walipozeeka, waligeukia watoto: wakadhamini vikosi vya vijana, wakawanunulia sare, wakawafundisha kutembea. Parokia nazo zilifanya hivyo hivyo. Katika miji ya mashariki, kama vile Boston na Newark, padri aliona kikosi kuwa njia ya kuwaondoa watoto barabarani. Ndiyo maana vikosi vingi vya wakati ule vilikuwa na majina ya watakatifu. Kikosi cha Cadets, ambacho baadaye kilishinda ubingwa mara nyingi, kilizaliwa mwaka 1934 huko Garfield, New Jersey, katika parokia ya Jina Takatifu.

Msomaji wa hapa kwetu hatapata shida kuelewa picha hii. Tunazijua fanfari za parokia. Tunazijua fanfari za Wakimbangu na za Jeshi la Wokovu. Mtoto anaingia kwa sababu kaka yake yumo, au kwa sababu anakaa mtaa ule ule. Ala ni mali ya kanisa. Mwalimu ni fundi wa baiskeli mchana na kiongozi wa muziki jioni. Huko Marekani, miaka ya 1950 na 1960, kulikuwa na mamia ya vikosi vya aina hii, na kijana aliweza kwenda kwenye mazoezi kwa miguu.

Safari zao zilikuwa fupi. Wengi walifanya kazi au walisoma katikati ya juma, wakasafiri Jumamosi na Jumapili kwenda mji wa jirani, wakashindana, wakarudi usiku. Safari moja kubwa ya mwaka ilikuwa ile ya kwenda kwenye mkutano mkuu wa maveterani. Mzazi alilipa kidogo, au hakulipa kabisa. Fedha zilitoka kwa tawi la maveterani, kwa parokia, kwa kuuza keki, na zaidi ya yote kwa mchezo wa bingo, ambao kwa miaka mingi ulilisha vikosi vingi.

Hata hivyo tusiifanye zamani kuwa pepo. Mzigo ulikuwapo, ila ulikuwa wa namna nyingine. Ngoma ilining'inia begani kwa mkanda mmoja na kugonga paja kila hatua. Vibebeo vya mabegani vilivyosawazisha uzito vilikuja baadaye. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wapiga timpani walizibeba uwanjani, na mpiga marimba aliibeba marimba yake. Baragumu zilikuwa za sauti ya G na zilikuwa na vali moja tu. Kanuni ziliruhusu vali mbili mwaka 1977 na tatu mwaka 1990. Kupata noti kamili kwa chombo kile kulihitaji midomo migumu na sikio kali. Nidhamu ilikuwa ya kambi ya jeshi: kabla ya kuingia uwanjani kikosi kilikaguliwa, viatu kwa viatu, kifungo kwa kifungo. Halafu vikosi vingi vilikuwa vya wavulana peke yao. Msichana aliyetaka kupiga ngoma alitafuta kikosi cha wasichana au alibaki nyumbani.

Waamuzi wa zamani na waamuzi wa leo

Jambo moja linaeleza tofauti ya nyakati hizi kuliko yote: namna ya kutoa alama. Zamani kikosi kilianza na alama kamili. Waamuzi walitembea uwanjani katikati ya wachezaji, wakiwa na karatasi mikononi, wakisikiliza na kutazama kwa karibu. Kila kosa walilolinasa, noti iliyochelewa, mguu usiolingana, fimbo ya ngoma iliyogonga peke yake, walipiga alama ya kalamu, na sehemu moja ya kumi ikaondolewa. Mwisho wa onyesho, mshindi alikuwa yule aliyekosea kidogo kuliko wenzake.

Kijana aliyelelewa katika mfumo huo alijifunza kuogopa kosa. Mwalimu naye alipanga muziki ambao angeweza kuusafisha mpaka ung'ae, maana ukiandika kitu kigumu unajitafutia hasara. Tangu mwaka 1984 mfumo huo uliachwa. Siku hizi alama hujengwa kutoka chini kwenda juu: 40 kwa athari ya jumla ya onyesho, 30 kwa yanayoonekana, 30 kwa muziki. Mwamuzi anauliza pia kazi ilikuwa ngumu kiasi gani, na inamgusa mtazamaji namna gani. Matokeo yake ni kwamba ugumu unalipa. Kwa hiyo wabunifu wanaongeza kasi, wanaongeza dansi, wanaongeza noti. Mwaka 2014 kikosi cha Blue Devils cha Concord, California, kilipata 99.65 kati ya 100. Ukitazama onyesho la namna hiyo kisha utazame filamu ya miaka ya 1960, utaona michezo miwili tofauti: mmoja wa watu wanaotembea wakipiga, mwingine wa watu wanaokimbia wakipiga.

Walimu wetu wa isimu watanisamehe mfano huu: ni tofauti kati ya mwalimu anayesahihisha insha kwa kuhesabu makosa ya tahajia na yule anayeuliza mwanafunzi amethubutu kusema nini. Sote tumewahi kuandika insha fupi, safi, isiyo na kitu, kwa sababu tulimjua msahihishaji.

Mwaka 1972 na kuzaliwa kwa safari ndefu

Mwaka 1971 viongozi wa vikosi vitano, Blue Stars, Cavaliers, Madison Scouts, Santa Clara Vanguard na Troopers, waliungana. Walilalamika kwamba maveterani ndio waliotunga kanuni na kupanga malipo, ilhali vikosi ndivyo vilivyojaza viwanja. Kutokana na umoja huo na mwingine wa mashariki kilizaliwa chama cha Drum Corps International, kinachojulikana kwa herufi DCI. Mashindano yake ya kwanza ya ubingwa yalifanyika Agosti 1972 huko Whitewater, Wisconsin, na Anaheim Kingsmen kutoka California wakashinda.

Ubingwa wa taifa ulipokuwa mikononi mwa vikosi vyenyewe, ratiba ya taifa ilifuata. Kikosi cha California kiliona kwamba hakiwezi kukutana na washindani wake bila kuvuka nchi. Mwisho wa juma ukageuka kuwa juma zima, na juma likageuka kuwa majira yote. Hapo ndipo vikosi vingi vidogo vilipoanguka. Mafuta yalipanda bei katika miaka ya 1970, basi zilizeeka, parokia hazikuweza kuchangia tena, na bendi za shule zikawavuta watoto. Kutoka mamia, leo vimebaki makumi machache. Hata Cadets, watoto wa ile parokia ya Garfield, walifunga milango mwaka 2024 baada ya miaka 90.

Hivyo vilivyobaki havina tena mtaa. Kikosi kinabeba jina la mji, lakini wachezaji wake hutoka majimbo yote, na wengine hutoka ng'ambo, Japani kwa mfano. Wanapimwa kwanza kwa video na kwenye kambi za majira ya baridi. Mdogo wangu alisafiri saa tisa kwa basi kwenda kupimwa na kikosi ambacho mji wake hajawahi kulala.

Siku moja ya safari

Katikati au mwishoni mwa mwezi wa tano vijana hukusanyika kwenye shule au chuo kilichofungwa kwa likizo, na kwa wiki kadhaa wanajifunza onyesho kuanzia asubuhi mpaka usiku. Mwishoni mwa mwezi wa sita safari inaanza, na inaendelea mpaka wiki ya pili ya mwezi wa nane. Tukumbuke kwamba kwetu Lubumbashi miezi hiyo ni ya baridi. Asubuhi tunavaa makoti. Kwao ndiyo miezi ya jua kali, na ratiba inapita Texas, ambako lami ya kiwanja cha mazoezi inachoma kupitia soli ya kiatu.

Niliomba mdogo wangu anieleze siku moja ya kawaida, saa kwa saa. Nimeiandika kama alivyoisema, ila nimeipanga.

Basi zinafika kwenye shule ya mji mpya saa tisa au saa kumi za usiku. Kila mtu anabeba godoro lake la upepo na kulitandika kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo, wavulana upande mmoja, wasichana upande mwingine. Wanalala saa tano au sita. Asubuhi taa zinawashwa zote kwa pamoja. Wanakula wakiwa wamesimama kando ya lori la jikoni. Wananyoosha viungo, kisha wanafanya mazoezi ya kutembea bila ala. Wapiga shaba wanaenda chini ya mti mmoja, wapiga ngoma kwenye maegesho ya magari, bendera kwenye majani. Mchana wanakula tena. Alasiri wote wako uwanjani. Wanarudia sehemu moja ya sekunde 20 mara kumi, mara kumi na tano. Baada ya kila jaribio wanarudi mbio kwenye nukta ya mwanzo. Halafu chakula cha tatu, kuoga, kuvaa, kupakia malori. Uwanjani mjini wanapasha joto kwa saa moja na zaidi, wanaingia, wanapiga dakika 11, wanatoka. Wanakula mara ya nne. Wanapanda basi. Wanalala wamekaa. Zinafika saa tisa za usiku.

Wanafanya hivyo kwa maonyesho 20 hadi 30 hivi. Mwisho wa majira kikosi kinachozunguka nchi nzima kinaweza kuwa kimesafiri kilomita 15,000, sawa na kwenda Kinshasa na kurudi Lubumbashi kwa barabara mara tatu, na njia ibaki. Tuba ya begani inazidi kilo 10, na mpigaji haruhusiwi kuiteremsha bila amri. Mdogo wangu alisema uzito huo unaupokea bega wiki ya kwanza, mgongo wiki ya pili, na baada ya hapo hujui tena ni wapi.

Safari inaishia Indianapolis, katika uwanja wa Lucas Oil, ambako fainali zimefanyika tangu mwaka 2009. Alhamisi wanashindana wote, Ijumaa wanabaki 25, Jumamosi 12.

Lazima niseme pia mambo yaliyoboreka. Wakubwa wa zamani husimulia kwa fahari kwamba walinyimwa maji mpaka zoezi liishe. Leo kila kijana ana chupa kubwa ya maji pembeni ya uwanja, kuna watu wa afya wanaosafiri na kikosi, na baada ya kashfa zilizofichuliwa na magazeti mwaka 2018 kanuni za kuwalinda vijana dhidi ya watu wazima wanaowadhulumu zimekazwa. Wasichana wako kila sehemu, wanabeba ngoma na tuba. Anayesema kwamba zamani ilikuwa bora kwa kila kitu hajaulizwa ilikuwa bora kwa nani.

Mzigo umehamia wapi?

Baada ya kusoma na kusikiliza, nilimjibu mama mdogo hivi. Si shule, ingawa wanaita malipo karo. Si kazi, ingawa atachoka kuliko wewe kiwandani. Na hawali pesa ya mtoto: basi tano, malori manne, mafuta ya kilomita zote hizo, vyakula vinne kwa siku kwa watu karibu mia mbili, ala, sare, walimu, bima. Zamani fedha hizo zilitoka kwa padri na kwa bingo. Sasa sehemu kubwa inatoka kwa kijana. Juu ya hayo, zamani kijana aliweza kufanya kazi kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Sasa anapoteza mshahara wa miezi mitatu. Ukijumlisha karo na mshahara usiopatikana, utaona gharama halisi.

Mtoto wa fundi aliyeweza kuwa bingwa wa taifa mwaka 1960 kwa sababu aliishi karibu na kanisa, leo angehitaji mfadhili. Vipo vikosi vinavyotoa misaada, na vijana wengi huandika barua kwa ndugu na majirani kuomba michango. Mdogo wangu aliandika barua 40. Kanisa la Wakongo la mji wao lilichanga Jumapili mbili. Mama mdogo alikubali.

Maneno mawili

Sasa nirudi kwenye tafsiri yangu, kwa maana hapa ndipo ninapodaiwa.

Neno la kwanza ni tour. Katika rasimu ya kwanza niliandika "matembezi ya majira ya joto". Mama mdogo alisoma akakasirika: kaka zake wanafanya kazi, yeye anataka kutembea? Alikuwa na haki. Kwetu kutembea ni kustarehe. Nilibadilisha nikaandika "safari", na neno hilo moja likabadili mazungumzo nyumbani, kwa sababu safari kwa watu waliovuka ziwa na watoto mgongoni ina uzito wake. Nilijisifu kwa sahihisho hilo. Nilisahau kutazama neno la pili.

Lile lilikuwa katika ukurasa wa saba, kifungu kinachosema kwamba fedha zilizolipwa hazirudishwi mtu akiacha safari kwa sababu yoyote. Nilijua mama mdogo ana wasiwasi na fedha. Nilitaka kijana aende. Nikaandika kwamba fedha "kwa kawaida hazirudishwi". Katika Kiingereza hapakuwa na "kwa kawaida". Niliitia mimi, kama mtu anavyotia sukari kwenye dawa. Kijana mwenyewe alikisoma kifungu kwa Kiingereza na alikielewa vizuri. Hivyo katika nyumba moja mama aliamini kwamba mlango uko wazi kidogo, na mwana alijua kwamba umefungwa.

Wiki ya tatu ya safari mguu wake wa kushoto ulianza kuuma. Alinyamaza siku tisa. Alifunga kitambaa ndani ya soksi, akameza vidonge, akaendelea kukimbia na tuba. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema alihesabu dola za mama yake kila hatua. Mfupa wa mguu ulikuwa umepata ufa, jambo ambalo hutokea kwa watu wanaopiga hatua nyingi juu ya ardhi ngumu. Daktari alimsimamisha. Kikosi chake, ambacho sitakitaja, hakikumrudisha nyumbani. Alikaa pembeni akiwa na kiatu cha plastiki, akasaidia kupakia malori. Uwanjani mahali pake palibaki tundu: wenzake walitembea kuzunguka nafasi tupu yenye ukubwa wa mtu mmoja, na kila mtazamaji aliyejua alijua kuna mtu hayupo.

Mama mdogo aliposikia alinipigia simu, akaniuliza: "Kumbe fedha zingerudi?" Nikamwambia kweli. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Ungeniambia hivyo tangu mwanzo, ningemwambia mtoto asiogope juu ya fedha. Ningesema zimekwisha kwenda. Mtu hailindi ng'ombe iliyokwisha kuchinjwa." Sikuwa nimefikiri hivyo. Nilidhani ukweli ungemzuia kukubali. Kumbe ungempa neno la kumwambia mwanawe.

Hitimisho

Alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua likizo ya siku nne na kwenda kufanya kazi katika lori la jikoni, kwa kuwa vikosi hivi haviendi bila wazazi wanaojitolea kupika na kushona sare. Alinitumia sauti akiwa huko, nyuma yake vikisikika vyuma na maji. Alisema kupika kwa watu mia mbili si kitu kwake, amepika katika matanga makubwa kuliko hayo. Ila hakuwahi kuona watoto wanaokula haraka hivyo na kusema asante kila mmoja. Alisema pia kwamba wazazi wengine walimwonyesha picha zao za ujana, wakiwa katika vikosi vya parokia zilizokwisha kufungwa. Nikakumbuka lile jina lililonichekesha. Ni koo kweli, hata kama hazina mtaa.

Je, safari ya zamani ilikuwa nzito kuliko ya sasa? Mtu akiniuliza, nitasema kwamba uzito ulitoka begani na kwenye hofu ya kosa, ukahamia miguuni na mfukoni. Mwili unatakiwa kufanya zaidi, unatunzwa vizuri zaidi, na mlango wa kuingilia umekuwa mwembamba. Kwa fanfari zetu hapa Kongo hilo si jambo la mbali. Bado ziko pale vikosi vyao vilipokuwa: mtaani, bure, na ala zilizounganishwa kwa waya. Wakati tunapotamani kuzipeleka mbali, tujiulize mapema nani atabaki nje ya basi.

Mfupa uliunga kwa wakati. Daktari alimruhusu kurudi siku kumi kabla ya mwisho, kwa sehemu ambazo hazina mbio. Kikosi chake kiliishia Ijumaa, katika 25. Bado ana mwaka mmoja kabla ya kufikia umri wa mwisho, na mwezi wa pili mwaka huu mama mdogo alinitumia tena picha tisa. Nimezitafsiri neno kwa neno, na ukurasa wa saba nimeusoma mara tatu.